Planter: meli ya pamba iliyokuwa manowari kwa miezi michache

Ndugu Mwenyekiti, manahodha na marubani mliostaafu, wanafunzi wa ubaharia, mabibi na mabwana,

Nilipoombwa nizungumze nanyi juu ya historia ya vyombo vya majini, najua wengi wenu mlitarajia nianze na manowari kubwa zenye mizinga mingi na majina ya wafalme. Nimeomba ruhusa nizungumzie chombo kidogo. Ni meli ya mbao iliyokwenda kwa mvuke na iliyojengwa kwa ajili ya kubeba pamba, ambayo jeshi la wanamaji la Marekani liliitumia kwa miezi michache tu ya mwaka 1862, kisha likaitoa kwa sababu ambayo mama ntilie yeyote wa hapa bandarini angeielewa bila kufafanuliwa: kuni zilikuwa taabu kupatikana. Meli hiyo iliitwa Planter, yaani mwenye shamba kubwa, na kwa watu wa kusini mwa Marekani wa wakati ule mwenye shamba kubwa alikuwa pia mwenye watumwa.

Kabla sijaeleza habari zake, naomba tukubaliane juu ya neno moja. Kijana wa leo akisikia neno rubani hutazama juu angani. Wazee mlioketi hapa mbele mnajua kwamba neno hilo lilikuwa la baharini kabla halijapanda ndege, na kwamba rubani ni yule anayeijua bandari kama mtu anavyoijua nyumba yake gizani: wapi pana fungu, wapi pana mwamba, mkondo unavuta upande gani maji yakianza kupwa. Nahodha ndiye mkubwa wa chombo, lakini kwenye mlango wa bandari hata nahodha mwenye kiburi hunyamaza akamsikiliza rubani. Nalitaja neno hili mapema kwa sababu katika bandari ya Charleston, jimbo la South Carolina, alikuwako mtu aliyekuwa na ujuzi wote wa rubani, na watu waliomtumia hawakuwa tayari kumwita hivyo. Walimwita mshika usukani, kwa kuwa alikuwa mtumwa na alikuwa mweusi.

Planter iliundwa hapohapo Charleston mwaka 1860. Urefu wake ulikuwa futi 147, sawa na mita 45 hivi, na upana wake futi 30. Haikuwa na rafadha ya nyuma kama meli tunazozijua, bali ilikuwa na magurudumu mawili makubwa ya makasia, moja kila ubavu, na kila gurudumu lilikuwa na injini yake, jambo lililoiwezesha kugeuka mahali pembamba bila kuhitaji nafasi kubwa. Ingeweza kupakia marobota 1,400 ya pamba. Lakini kipimo ambacho fundi wa vyombo angekitazama kwanza ni kingine: Planter ilielea katika maji yasiyofika futi nne. Mtu mzima angeweza kusimama ubavuni mwake, maji yakamfika kiunoni, na meli isiguse mchanga. Pwani ya South Carolina ni pwani ya visiwa vya mchanga, vijito vya chumvi, mabwawa ya majani na milango ya maji inayohama kila baada ya dhoruba, na mashamba ya pamba yalikuwa ndani ya vijito hivyo, mahali ambapo meli kubwa isingethubutu kuingiza omo yake, yaani sehemu yake ya mbele. Chombo chepesi cha mbao, chenye chini bapa, ndicho kilichofaa.

Naomba mniruhusu nitoke kidogo nje ya mkondo. Pamba ya majimbo hayo ilipelekwa, pamoja na kwingine, kwenye viwanda vya kaskazini mwa Marekani, na huko ilifumwa kitambaa kizito kisichotiwa rangi ambacho wafanyabiashara wa Salem, mji wa bandari wa hukohuko kaskazini, walikileta Unguja, nasi tukakiita merikani. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vilipozuka mwaka 1861, pamba ikakwama, na merikani ikaadimika katika maduka ya Unguja, hata nguo za Uingereza na za India zikapata nafasi yake. Kwa hiyo vita ninavyovizungumzia havikuwa mbali sana na mabega ya mababu zetu kama tunavyodhani.

Turudi Charleston. Vita vilipoanza, jeshi la majimbo ya Kusini yaliyojitenga liliikodi Planter, likaweka mzinga wa kurusha tufe la ratili 32 kwenye omo na mzinga mfupi wa tufe la ratili 24 nyuma, likaitumia kubeba barua, askari, risasi na mizinga kutoka ngome moja hadi nyingine. Ilitumika pia kutega mabomu majini dhidi ya manowari za Kaskazini, yaani za serikali ya Marekani, ambazo zilikuwa zimejipanga nje ya mlango wa bandari kuizingira. Maofisa wake walikuwa Wazungu watatu: nahodha Charles Relyea, rubani Samuel Smith na fundi mitambo Zerich Pitcher. Waliobaki, yaani mabaharia, wachochea moto na mshika usukani, walikuwa watumwa waliokodishwa na mabwana zao.

Mshika usukani huyo ndiye Robert Smalls. Alizaliwa utumwani Beaufort, South Carolina, tarehe 5 Aprili 1839, na alipokuwa na umri wa miaka 12 bwana wake alimpeleka Charleston akafanye kazi za kukodishwa. Alianzia hotelini, akawa mwasha taa za barabarani, kisha akaingia bandarini na hakutoka tena: alipakua mizigo, alitengeneza tanga na kamba, alijifunza usukani. Alimwoa Hannah Jones mwaka 1856, naye alikuwa mtumwa wa bwana mwingine. Smalls alikubaliana na bwana wa mkewe kwamba awanunue mke huyo na binti yao kwa dola 800. Hadi wakati wa habari hii alikuwa ameweka akiba ya dola 100 hivi, na mshahara wake katika Planter ulikuwa dola 16 kwa mwezi, ambao sehemu yake kubwa ilikwenda kwa bwana wake. Mwenye kupenda hesabu na aipige.

Sisi wa pwani hii hatupaswi kusikiliza habari hizi kana kwamba ni za ajabu za ng'ambo. Katika karne hiyohiyo majahazi mengi ya Unguja yaliendeshwa na mabaharia watumwa, na walikuwako watumwa waliokuwa manahodha kamili, wakikabidhiwa chombo, shehena na fedha za bwana hadi bandari za mbali. Bahari ina tabia hiyo ya kumfanya mwenye mali amtegemee asiyemthamini, kwa sababu mwenye mali hawezi kusoma maji.

Tarehe 12 Mei 1862, Planter ilitumwa kisiwa cha Coles, kwenye mlango wa mto Stono, kusini magharibi mwa Charleston. Jeshi la Kusini lilikuwa linaiacha ngome ya hapo, na meli ilipakizwa mizinga minne mikubwa ipelekwe kwenye ngome mpya iliyokuwa ikijengwa ndani ya bandari. Ilirudi Charleston jioni na kufunga gati mbele kabisa ya ofisi za jenerali mkuu wa eneo hilo, Roswell Ripley. Mizinga haikuteremshwa. Maofisa watatu walishuka wakaenda kulala mjini. Amri ya jeshi ilisema waziwazi kwamba maofisa wa meli kama hizo walale melini, usiku na mchana, tayari kuondoka, lakini walikuwa wamezoea kuikiuka, na watumwa walikuwa wamezoea kuwaona wakiikiuka.

Smalls na wenzake walikuwa wamelipanga jambo hili kwa wiki kadhaa. Yapata saa tisa usiku waliwasha moto, wakasubiri mvuke upande, wakapandisha bendera ya Kusini na ya jimbo, wakaondoka gatini polepole, kwa mwendo wa meli inayokwenda kazini. Mlinzi aliyekuwa karibu aliiona ikiondoka, akaona si jambo la kumwamsha mtu. Haikuelekea nje ya bandari moja kwa moja. Iligeuka kwanza kwenda gati jingine kuwachukua Hannah, watoto na wanawake wengine waliokuwa wamefichwa wakingoja. Walipokwisha kupanda, chombo kilikuwa na watu 16. Walikuwa wamekwisha kukubaliana kwamba wakikamatwa hawatajisalimisha: watapigana kwa mizinga iliyokuwamo, na wakishindwa wataitoboa meli izame.

Sasa nisikilizeni kwa makini wanafunzi wa urubani, kwa sababu hapa pana kazi yenu. Ili atoke, Smalls alihitaji kuzipita ngome za bandari, na ya mwisho na kubwa kupita zote ilikuwa Fort Sumter, ile ambayo vita vyenyewe vilianzia mwaka mmoja nyuma. Mtu mwenye hofu angekimbia. Smalls alifanya kinyume. Alijua kwamba meli ya mizigo ikipita Sumter katikati ya usiku inatiliwa shaka, lakini ikipita alfajiri ni jambo la kila siku, na kwa hiyo aliupima mwendo ili afike pale wakati giza linaanza kupungua bila kwisha. Alijua kwamba ikiwa atapita mbali na kuta atashukiwa, kwa hiyo alipita karibu, katika mkondo uleule wa siku zote. Alikuwa amevaa koti na kofia pana ya majani ya nahodha Relyea, akasimama dirishani kwenye chumba cha usukani huku amekunja mikono kifuani, kama Relyea alivyokuwa akisimama. Alikuwa amemtazama kwa miezi. Walipofika chini ya Sumter alivuta kamba ya honi ya mvuke akatoa ishara ya siri ya kupita, milio miwili mirefu na mmoja mfupi, naye mlinzi wa juu akaruhusu. Hapo ndipo kila mtu ndani ya chombo alipobana pumzi, maana mizinga ya Sumter ilikuwa juu yao kabisa, na mvuke hauendi haraka kama moyo.

Baada ya Sumter njia ya kawaida ilikuwa kugeuka kuelekea kisiwa cha Morris. Planter haikugeuka. Ilinyoosha kwenda kwa meli za Kaskazini, na Sumter ilipotambua kwamba kuna kasoro, chombo kilikuwa kimetoka nje ya shabaha ya mizinga. Bendera za Kusini ziliteremshwa, na likapandishwa shuka jeupe la kitanda ambalo Hannah alilileta kutoka kazini kwake hotelini.

Chombo cha kwanza walichokikuta kilikuwa Onward, na nashindwa kuipita habari hii bila kutabasamu: meli ya mvuke ilikuwa inajisalimisha kwa meli ya tanga. Kulikuwa na ukungu, na kamanda wa Onward, John Frederick Nickels, aliona moshi na magurudumu yakimjia kwa kasi kutoka kwenye bandari ya adui, akaamuru mizinga ielekezwe. Wapiga mizinga walikuwa tayari pale mtu mmoja alipoliona lile shuka. Planter ikasogea ubavuni, watu wakaanza kuimba na kurukaruka juu ya sitaha, na Smalls akavua kofia akamwambia Nickels kwamba amewaletea mizinga yao ya zamani ya Marekani. Kweli ilikuwamo: minne ya shehena, na miwili ya chombo chenyewe.

Katika habari zinazosimuliwa mara nyingi, hapa ndipo hadithi huishia, kwa shangwe na bendera. Mimi ningependa tuingie katika sehemu isiyopendwa sana na wasimuliaji, yaani kilichofuata baada ya meli kuwa mali ya jeshi la wanamaji.

Planter ilipelekwa Port Royal, kituo cha Kaskazini kwenye pwani hiyohiyo, kwa Samuel Francis Du Pont, aliyekuwa mkuu wa kikosi kilichoizingira pwani yote ya kusini ya Atlantiki. Du Pont alimhoji Smalls, na katika taarifa yake kwa waziri wa jeshi la wanamaji aliandika kwamba mtu huyu aliwazidi kwa akili watu wote waliowahi kutoroka utumwani na kufika upande wao. Mizinga ilikuwa faida ndogo. Smalls alileta kitabu cha ishara za siri, alijua mabomu yametegwa wapi, kwa kuwa yeye mwenyewe aliuendesha usukani wakati yanategwa, na zaidi ya yote alileta habari kwamba kisiwa cha Coles kimeachwa tupu. Kwa habari hiyo manowari ndogo za Kaskazini ziliingia mto Stono wiki moja baadaye, zikapata mahali pa kutia nanga nyuma ya Charleston ambapo hawakupaacha tena hadi mwisho wa vita. Kikosi kizima cha nchi kavu kingeweza kupoteza mamia ya watu kupata mahali kama hapo.

Bunge la Marekani lilipitisha sheria mahususi, iliyotiwa saini tarehe 30 Mei 1862, kwamba Smalls na wenzake walipwe nusu ya thamani ya meli na shehena. Sheria ya mateka ya baharini iliwahusu mabaharia wa manowari tu, na hawa hawakuwa wa manowari yoyote, ndiyo maana ilibidi itungwe yao peke yao. Meli ilithaminiwa dola 9,000, Smalls akapata 1,500. Nitarudi kwenye tathmini hiyo.

Jeshi la wanamaji liliiweka Planter chini ya ofisa Philemon Dickenson, kisha chini ya Lloyd Phoenix, na Smalls akatumika kama rubani wake. Safari hii jina la rubani lilikuwa lake kwa kinywa cha wote, ingawa kwenye karatasi mambo yalikuwa na utata, kama mtakavyosikia. Kazi ilikuwa ileile iliyofanywa kwa Kusini, ila sasa kwa upande wa pili: kupenya vijito, kubeba watu na vitu, kupita mahali ambapo manowari zenye kina zingekwama. Mwezi Juni ilikwenda pamoja na manowari Crusader, chini ya luteni Alexander Rhind, wakapanda mto Wadmelaw hadi Simmons Bluff, wakateremsha askari na kuichoma kambi ya adui. Hilo ndilo tukio kubwa la kivita katika maisha yake yote ya jeshi la wanamaji, na mnaona si kubwa. Siku nyingine zilikuwa za kazi za punda, na ninasema hivyo bila dharau, kwa sababu kikosi kinachozingira pwani hufa siku ambayo punda wake wamechoka.

Lakini punda huyu alikula chakula ambacho zizi halikuwa nacho. Manowari za Kaskazini zilichoma makaa ya mawe, yaliyoletwa kwa majahazi kutoka Pennsylvania, na mpango wote wa kuzingira bandari ulijengwa juu ya makaa hayo. Tanuri za Planter ziliundwa kwa kuni. Katika biashara ya pamba hilo lilikuwa jambo la busara, kwa kuwa kila shamba kando ya mto lilikuwa na msitu wake, na mtumwa wa kukata kuni hakulipwa. Nje ya mlango wa bandari ya adui mambo yaligeuka. Uzito uleule wa kuni hutoa karibu nusu tu ya joto linalotolewa na makaa mazuri, na kuni hujaza nafasi kubwa zaidi, kwa hiyo chombo kinachochoma kuni hurudi mara nyingi kupakia. Kupakia wapi? Meli za makaa haziuzi kuni. Ilibidi watu washuke pwani na mashoka, katika nchi ambayo kila kichaka kingeweza kuwa na bunduki. Du Pont, ambaye ukoo wake ulijulikana kwa kutengeneza baruti na hakuwa mgeni katika hesabu za viwanda, alipima akaona hakuna faida, na kabla mwaka haujamalizika akaikabidhi Planter kwa jeshi la nchi kavu, itumike karibu na Fort Pulaski, pwani ya Georgia, ambako askari walikuwa wengi na miti ilikuwa karibu.

Wako wanaosikitika kwamba chombo chenye sifa kama hiyo kiliondolewa jeshini kwa sababu ya chakula cha tanuri. Mimi naona Du Pont hakukosea. Kosa, kama lipo, ni kudhani kwamba kilichokuja na thamani usiku ule kilikuwa mbao na injini. Yeye mwenyewe hakudhani hivyo: meli aliitoa, lakini Smalls jeshi la wanamaji liliendelea kumwita kila lilipotaka kuingia katika maji ya Charleston. Tarehe 7 Aprili 1863, manowari zilizovikwa bamba za chuma ziliposhambulia Fort Sumter, Smalls alikuwa rubani wa mojawapo, Keokuk. Ilipigwa mara 90 hivi, mashimo mengi yakiwa kwenye mstari wa maji, na asubuhi iliyofuata ikazama. Chuma kilizama, rubani alitoka salama, akarudi kwenye mbao zake.

Habari za Planter chini ya jeshi la nchi kavu nitazipitia haraka, kwa kuwa zimetoka nje ya mada niliyopewa. Taarifa ya kamati ya Bunge ya mwaka 1883 inaeleza kwamba tarehe 1 Desemba 1863 meli ilishambuliwa kwa risasi kutoka pande zote katika kijito karibu na kisiwa cha Folly, nahodha wake akataka kujisalimisha, kisha akaenda kujificha mahali pa kuwekea chakula cha tanuri, na Smalls akaushika usukani na kuitoa. Smalls alijua kwamba nahodha Mzungu akikamatwa atakuwa mfungwa wa vita, ilhali yeye na mabaharia weusi wangeuawa. Baada ya hapo alifanywa nahodha. Mwaka 1864 aliipeleka meli Philadelphia kufanyiwa matengenezo, akatumia miezi hiyo kujifunza kusoma na kuandika vizuri, na siku moja huko akateremshwa kwenye gari la abiria ili Mzungu apate kiti, yeye ambaye bendera ya nchi ilikuwa juu ya chombo chake. Tarehe 14 Aprili 1865, bendera ya Marekani iliporudishwa Fort Sumter, Planter ilikuwapo bandarini, imejaa watu walioachwa huru hadi sitaha ikaelemea upande.

Sasa niirudie ile tathmini, kwa sababu ndani yake mna jibu la neno tulilokubaliana mwanzoni. Kamati ya 1883 ilichunguza thamani ya dola 9,000 ikasema ni ndogo kiasi cha kichekesho, na kwamba thamani ya haki ya meli na shehena ingezidi dola 60,000. Wakati huo Smalls alikuwa tayari amekuwa mbunge wa Marekani kutoka South Carolina, na rafiki zake walikuwa wanaomba aingizwe katika orodha ya maofisa wastaafu wa jeshi la wanamaji. Hoja ilikwama, na kilichoikwamisha ni karatasi: hapakuwa na hati iliyoonyesha kwamba aliwahi kuandikishwa rasmi. Alikuwa ameendesha meli za jeshi, ameshambuliwa kwa risasi akiwa kwenye usukani wa jeshi, lakini orodha haikuwa na jina lake. Sheria maalumu ya mwaka 1897 ndiyo iliyompa pensheni ya dola 30 kwa mwezi, sawa na ya nahodha wa jeshi la wanamaji, na mwaka 1900 Bunge likakubali kwamba stahili yake ya ile meli ilikuwa dola 5,000, likatoa zile 1,500 za awali, likamlipa zilizobaki. Alikuwa na umri wa miaka 61. Jeshi la wanamaji lenyewe lilichelewa zaidi: mwaka 2023 ndipo lilipoipa manowari moja jina lake.

Na Planter? Baada ya vita iliuzwa, ikarudi kwenye kazi iliyoundiwa, kubeba mizigo katika vijito vilevile. Tarehe 25 Machi 1876 ilikwenda kujaribu kuvuta jahazi lililokwama karibu na rasi ya Romain, kaskazini mwa Charleston. Katika kuvuta, ubao mmoja wa omo uliachia, maji yakaingia. Nahodha wake alifanya ambalo wengi wenu mngefanya: akaipandisha mchangani makusudi, akitumaini kuuziba ubao na kuondoka maji yakijaa. Maji yalijaa pamoja na dhoruba, mawimbi yakaipiga pale ilipokaa, na watu wakaiacha. Mwezi Mei 2014 wataalamu wa idara ya bahari ya Marekani walitangaza kwamba vipimo vya sumaku vimeonyesha chuma mahali panapolingana na taarifa za ajali ile, chini ya mchanga, mita chache kutoka usawa wa maji. Kilichoitikia kipimo ni chuma cha mitambo. Mbao hazina sumaku.